Mwaka Niliozungumza na Mama Mkwe Kupitia Ukuta

Tarehe tisa Mei mwaka huu, kabla jua halijapanda, mama mkwe wangu alikata roho nyumbani kwake Gatitu, katika kile chumba cha mbele ambacho dirisha lake hutazama barabara ya kuingia Nyeri mjini. Nilipoteza mtu niliyezoea kumuuliza mambo. Sijui namna nyingine ya kulisema. Waliokuja kutoa pole walinipa mkono kama mtu wa pembeni, na wana haki, kwa sababu mfiwa ni mke wangu Nyawira na mimi ni mkwe, kazi yangu ni kubeba viti na kutafuta hema. Nilibeba viti. Siku ya mazishi, aliyekuwa akiendesha shughuli aliuliza kama upande wa wakwe kuna mtu angependa kumzungumzia marehemu. Nyawira akanitazama, nami nikatazama viatu vyangu. Mimi si mtu wa kusema mbele ya watu. Niliishia darasa la nane, na maisha yangu yote nimekula kwa kuziba pancha na kubadilisha magurudumu. Lakini tangu siku hiyo, yale ambayo sikuyasema yananikaa kooni, na karibu yote ni ya mwaka mmoja, mwaka niliokuwa na miaka ishirini na sita, ambao niliutumia kumuuliza mama huyu maswali huku ukuta wa mbao ukiwa kati yetu.

Mwaka huo ulianza vibaya. Vibanda vya kando ya barabara Sagana vilikuwa vimeondolewa, changu kikiwemo, na nilikuwa nikishinda nyumbani. Nyawira ndiye aliyekuwa na kazi. Alikuwa mpishi katika hoteli ya nyama choma kule Kenol, akilala huko na kurudi Jumapili. Tulikuwa tumeishi pamoja mwaka mzima bila mimi kwenda kwao kujulikana. Mama yake hakuwahi kunitukana kwa hilo. Alichofanya ni kutozungumza nami kabisa. Siku ya pekee tuliyokutana, sokoni Karatina, nilimsalimu, akaitikia salamu akiwa anatazama vitunguu. Basi fikiria jinsi nilivyojisikia Nyawira aliponipigia simu akilia kwamba mama ameanguka shambani, ni kiharusi, upande wa kulia umelala na mdomo umevutwa, na hawezi kusema. Alikaa hospitali majuma kadhaa. Siku ya kumtoa, msichana aliyekuwa akimfanyisha mazoezi ya viungo alituketisha kwenye benchi la kijani koridoni akatueleza kwamba mkono huenda ukarudi kidogo, mguu pia, lakini maneno yatategemea sisi. "Msimwache akae kimya," alisema. "Asiposema miezi hii, yale maneno yatalala moja kwa moja. Na msimuulize maswali ya ndiyo na la, hayo atajibu kwa kichwa. Muulizeni mambo yanayotaka maneno. Halafu mngoje. Akikwama, msimmalizie."

Nyawira aliniangalia. Nilijua anachotaka kusema, nikatamani asiseme.

"Wewe ndiye huna kazi," akasema.

"Nyawira, huyo ni mama yako."

"Najua ni mama yangu. Ungetaka awe wa nani?"

"Mimi nitakaa vipi nyumba moja na mama mkwe? Watu watasema nini?"

"Watu wakisema, mwambie mama awajibu," alisema, kisha akacheka na kulia kwa pamoja, na nesi aliyekuwa akipita akageuka kututazama.

Kwa msomaji ambaye si wa huku, nieleze kidogo. Kwetu mwanamume na mama wa mke wake huheshimiana kwa kukaa mbali. Hali chakula mbele yake, hakai kitandani pake, haingii anapolala, hamwambii mzaha. Hata waliooana kwa sherehe zote na wazee kunywa chai wanaishi hivyo, sembuse mimi ambaye sikuwa nimebisha hata hodi. Na isingekuwa jambo moja, nadhani ningekataa. Jambo hilo lilikuwa Muriuki, ndugu mdogo wa marehemu baba yake Nyawira. Kipande cha ardhi ambacho mama alijenga nyumba yake kilikuwa bado kwa jina la babu yake Nyawira aliyefariki zamani, na Muriuki alikuwa ameanza kusema kwamba kaka yake alikaribishwa tu pale, hakugawiwa. Alitaka upande unaotazama barabara ajenge vyumba vya kukodisha. Naibu chifu alikuwa ameshaitisha kikao, kisha mama akaanguka, kikasogezwa hadi mwisho wa mvua ndefu. Na maneno aliyotoa naibu chifu yalikuwa haya: kila upande utajisemea kwa mdomo wake, na mjane akiwa hawezi kusema, atasemewa na mwanamume mkubwa wa familia. Mwanamume mkubwa wa familia alikuwa Muriuki.

Kwa hiyo nikaenda Gatitu na begi moja.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mabati na mbao, vyumba viwili na jiko lililoungwa ubavuni. Kitanda cha mama kiliwekwa chumba cha mbele, kikiegemea ukuta wa jikoni ili apate joto la moto. Ukuta huo ulikuwa wa mabanzi, yale mabaki ya mbao yenye maganda, na nyufa zake zilizibwa kwa magazeti yaliyogeuka rangi ya chai. Jirani mmoja, mjane aliyeitwa Wangari, muuzaji wa ndizi mwenye sauti kama ya kondakta, alikubali kuja asubuhi na jioni kumwosha mama na kumvisha. Mimi kazi yangu ilikuwa kupika, kuleta maji, na kuuliza. Chakula nilikiweka kwenye stuli mlangoni, Wangari au mtoto wake akampelekea. Mimi nilikula jikoni, nikiwa nimeupa ukuta mgongo.

Siku za kwanza sipendi kuzikumbuka. Niliuliza kama polisi. "Mama, umeamkaje?" Kimya. "Mama, umelala vizuri?" Nikasikia godoro likilia, nadhani alitikisa kichwa. "Unataka chai?" Godoro. "Unasikia baridi?" Godoro. Baada ya hapo sikuwa na swali lingine duniani. Nilikaa nikisikiliza maharagwe yakichemka na kujua kwamba kila dakika inayopita kimya, maneno yake yanazidi kulala. Nilitoka nje nikapasua kuni ambazo hazikuhitajika. Bombani niliwasikia wanawake kabla hawajaniona. "Mkwe anapika, mama mkwe anapikiwa," mmoja alisema. "Na bado hata mbuzi hajaleta." Wangari akamjibu, "Wewe wako alileta mbuzi, na chai je, amewahi kukupikia?" Wakacheka. Nilisubiri wamalize ndipo nikasogea na mitungi yangu.

Kilichotufungulia njia ni njahi, ile kunde nyeusi ambayo kwetu hupikiwa wageni wa heshima na mwanamke aliyejifungua. Wangari alileta, akaweka, akaenda zake. Sikuwa nimewahi kupika njahi maishani. Nilizitia kwenye sufuria, nikashika kopo la chumvi, nikasema kwa sauti, si kwa sababu ya mazoezi bali kwa sababu sikujua, "Mama, hizi zinatiwa chumvi saa ngapi?"

Kisha nikasikia pumzi, na sauti niliyodhani ni ya mtu anayesongwa.

"U... u... usi..."

Nikataka kukimbilia mlangoni. Nikajizuia.

"Usitie!" mama akasema. "Zita... zitaka... zitakataa."

"Zitakataa nini, mama?"

"Kuiva! Wee! Zitakataa kuiva!"

Ilikuwa hasira tupu, na ilikuwa tamu kuliko wimbo. Niliweka kopo chini. Nikauliza basi zinatiwa lini, akanieleza, ikamchukua muda mrefu sana, na katikati alisema "kijiko" akimaanisha "moto" akajikasirikia akapiga ubao kwa mkono wake mzima. Tulikula njahi zisizo na chumvi ya kutosha, yeye huko, mimi huku.

Nimelifikiria jambo hilo miaka yote hii, na bado sina maneno ya kitabuni ya kulieleza. Ninachojua ni kwamba nilipouliza kwa ajili ya kumfanya aseme, alijua, akachoka. Nilipouliza kwa sababu jibu lilikuwa kwake na mimi sikuwa nalo, alilitafuta. Kwa hiyo nilianza kutafuta ujinga wangu. Nilikuwa nao mwingi. Sikujua jinsi kahawa ilivyokatwa matawi. Sikujua kwa nini nyumba za zamani Gatitu zilitazama upande mmoja. Sikujua Nyawira alikuwa mtoto wa namna gani, na hilo ndilo lililomfanya mama acheke kwa mara ya kwanza, kicheko cha upande mmoja kilichotoka kama kikohozi. "Mwi... mwizi," alisema. Nikashika neno hilo hilo nikamrudishia: "Mwizi?" Nikangoja. "Wa sukari," akasema. "Wa sukari?" "Alikuwa anailamba... anai... na kuku. Anagawana na kuku." Hivyo ndivyo nilivyojifunza kwamba swali linalofuata mara nyingi liko ndani ya jibu ulilopewa, ni kulishika tu lisianguke.

Kungoja ndiko kulikuwa kugumu. Mtu akikwama kwenye neno, mdomo wako wewe unawasha. Unalijua neno, liko pale, ungemsaidia tu. Niliamua kwamba kila nikiuliza nitamenya kiazi, na kabla kiazi hakijaisha sisemi kitu. Viazi vingine vilimenywa hadi vikabaki kama yai la njiwa. Wangari akanikuta akasema, "Baba, hayo maganda ndiyo mnakula?" Lakini maneno yalikuwa yanakuja. Kufikia mvua kubwa, mama alikuwa akisema sentensi nzima asubuhi, na jioni, akichoka, nusu.

Kitu kimoja hatukukigusa, nacho ni shamba. Nyawira alikikataza. Alikuja Jumapili moja akinuka moshi wa nyama, akaniita nyuma ya banda la kuku. "Muriuki ameenda kwa naibu chifu," alisema. "Amemwambia unamkaririsha mama maneno. Ati kijana hana kazi, anataka shamba la wazee, anamfundisha mama kusema kama kasuku."

"Sisi tunazungumza njahi."

"Basi zungumzeni njahi. Ukimtajia shamba hata mara moja, ataulizwa pale, na mama hajui kudanganya. Atasema ndiyo, tulizungumza. Na presha yake pia. Wewe tulia."

Ilikuwa busara, lakini pia ilikuwa na maana kwamba nilikuwa nikimwandaa mtu kwa vita na siruhusiwi kutaja vita. Nililala na wazo hilo na kuamka nalo.

Muriuki mwenyewe alikuja kumtazama wiki chache kabla ya kikao. Nilimwona kutoka jikoni, koti la mvua, kofia mkononi, mikate miwili kwenye mfuko wa karatasi. Hakuwa mtu mbaya wa kutazama. Alisalimu vizuri, akaketi karibu na kitanda, na mimi nikabaki nyuma ya ukuta na kisu mkononi na kiazi ambacho sikukimenya.

"Mke wa kaka, unaendelea vizuri?"

"Ee."

"Unakula?"

"Ee."

"Unanijua mimi ni nani? Ni Muriuki. Unanikumbuka?"

"Ni... ni..."

"Muriuki. Usijisumbue, pumzika. Na unajua Jumatano ile kuna kikao? Hujui. Sawa. Utakuwa umechoka kwenda, si ndiyo? Barabara ni matope."

"Mi... mimi nita..."

"Utapumzika. Ni vizuri. Hayo mambo tutayamaliza wanaume."

Kila swali lilikuja kabla la kwanza halijapata jibu, na kila jibu alilitoa mwenyewe. Nilimsikia mama akijaribu, kisha nikamsikia akiacha. Sijui kama Muriuki alifanya kusudi. Sitaki kusema nisichokijua. Kuna watu wengi wazuri wanaowauliza wagonjwa hivyo hivyo, hata leo mimi huwasikia hospitalini. Lakini alipotoka, alisimama uani na Wangari, na kupitia upenyo wa jikoni nilisikia akisema kwa sauti ya huzuni kabisa, "Huyu ameisha, mama. Ni mwili tu umebaki." Siku ile mama hakusema tena. Wala kesho yake. Nilipouliza kuhusu kuku, kuhusu mvua, kuhusu mikate iliyobaki mezani, ukuta ulikaa kimya kama siku ile ya kwanza.

Siku ya tatu nilifanya jambo ambalo sikuwa nimewahi kufanya. Nilitoka jikoni, nikazunguka, nikasimama mlangoni pa chumba chake, nikitazama sakafu. Nikasema, "Mama, nimechoka kuuliza ukuta. Unaogopa nini?"

Nilikuwa nimeacha viazi jikoni, sikuwa na cha kufanya na mikono.

"Kucheka," akasema. "Wata... watanicheka. Nikisema kijiko."

"Ukisema kijiko?"

"Mbele ya wazee. Niseme kijiko... na nataka kusema moto. Muriuki ata... atacheka. Afadhali ninyamaze."

Nilitaka kumwambia hawatacheka. Ingekuwa uongo, maana hata mimi nilikuwa nimecheka jikoni. Nikamwambia, "Mimi huwa nacheka, mama. Na bado narudi kuuliza." Nikarudi kwenye viazi vyangu. Baadaye, wakati wa chai, ukuta ukaniuliza kama sukari ilikuwa imeisha au nimekuwa mchoyo.

Jumatano ilinyesha tangu alfajiri. Tulimbeba mama kwenye kiti, mimi na mtoto wa Wangari, hadi barabarani, na kutoka hapo kwa pikapu ya muuza maziwa hadi ofisi ya naibu chifu. Ilikuwa chumba kimoja chenye mabenchi, kinanuka sweta zilizolowa. Wazee watatu wa ukoo waliketi mbele, mkubwa wao akiwa na fimbo na sikio moja zito. Naibu chifu alikuwa kijana, mgeni katika kazi, mpole. Muriuki aliketi karibu na dirisha. Nyawira aliketi kando ya mama. Mimi nilisimama mlangoni, kwa kuwa mkwe hana kiti katika mambo ya mji wa wakwe, na kama si kile kiti nilichobeba nisingekuwa ndani hata kidogo.

Muriuki alisema kwanza, akasema vizuri. Kaka yake alikuwa mtu mwema, baba yao alimhurumia, akamwonyesha mahali pa kukaa. Kukaa, si kumiliki. Hakuna aliyegawiwa. Wazee wakaitikia kwa kichwa. Kisha naibu chifu akamgeukia mama, akainama kidogo kama tunavyoinama kwa wagonjwa, akapandisha sauti.

"Mama, unanisikia?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Usiogope. Sema tu ndiyo ama la. Hii shamba ni yako?"

Niliona mdomo wake ukianza kutafuta. Ni swali ambalo lingehitaji siku nzima, na alikuwa ametakiwa alijibu kwa neno moja.

"Mnaona?" Muriuki akasema, kwa upole.

"Tuanze na rahisi," naibu chifu akasema. "Tujue tu kama akili iko sawa. Mama, uko na watoto wangapi?"

Nyawira alifumba macho. Kijana hakukusudia ubaya, alitaka swali jepesi. Lakini wanawake wa umri wa mama hawahesabu watoto wao kwa mdomo, hawasemi idadi, kwa hofu ya kuwaitia mabaya, na huyu alikuwa amezika wawili kabla ya Nyawira. Hata kabla ya kiharusi asingelijibu. Mzee mmoja alikohoa. Nilingoja yeyote kati ya wale watatu aseme kitu, na nadhani nao walingojeana. Mama alitazama mikono yake.

"Haya," naibu chifu akasema, na kweli alionekana kusikitika. "Kwa utaratibu tuliokubaliana, basi, atakayemsemea..."

"Mama," nikasema.

Sikujua kama nitasema mpaka niliposikia sauti yangu. Watu wote waligeuka. Muriuki akacheka. "Mkwe akianza kusema hapa, kesho atatugawia na nyama."

"Sina la kusema," nikamwambia mzee mwenye fimbo, kwa sababu ndiye niliyemwogopa zaidi. "Nina la kuuliza."

Mzee aliweka kiganja nyuma ya sikio, akarudiwa maneno. Akafikiri. "Kuuliza si kusema," akasema. "Uliza. Moja."

Moja. Ningeweza kumuuliza jinsi njahi zinavyopikwa, angelijibu vizuri, na wangejua anaweza kusema, na shamba lingekwenda. Ningeweza kumuuliza jinsi alivyoanguka, wakaona huruma, shamba likaenda. Kitu kilichonijia kilikuwa kile nilichokiona kila siku nikikata majani ya ng'ombe: itoka, yale maua ya majani mapana ambayo kwetu hupandwa mpakani, mstari mzima ukishuka kutoka barabarani hadi mtoni, umenyooka kama uzi. Mstari kama huo hauwezi kunyooka bila kamba, na kamba ina ncha mbili. Sikuwa nimewahi kumuuliza habari zake, kwa sababu ya lile katazo. Sikulijua jibu. Lingeweza kuwa mtu aliyekwisha kufa. Lingeweza kuwa jibu la kutumaliza.

"Mama," nikasema, "mlipopanda itoka pale mpakani, kamba ilishikwa na nani?"

Mvua ilikuwa ikipiga bati. Mama aliinua macho.

"Ka... kamba," akasema.

Nilikuwa nimepewa moja. Niliuma ulimi.

"Haikuwa... haikuwa kamba. Ilikuwa ya ng'ombe. Ya ku... ya kufungia ng'ombe." Alipumzika. Muriuki alifungua mdomo, na mzee akainua fimbo bila kumtazama. "Baba Nyawira alikuwa anachimba. Mimi niko na miche kwa kikapu. Mvua kama hii. Na huku chini... huku chini kamba imeshikwa na kijiko."

Mtu alicheka nyuma. Nilimwona mama akisikia kicheko hicho. Uso wake ulibadilika, na kwa muda nilidhani tumemaliza.

"Kijana," akasema. "Nataka kusema kijana. Kamba imeshikwa na kijana. Analia."

"Analia?" Alikuwa naibu chifu. Alikuwa ameegemea mbele, na sidhani alijua kwamba ameuliza. "Analia kwa nini, mama?"

"Baridi. Na njaa. Nikampa ndizi, akala na... akala na mkono mmoja. Baba yao amesimama pale juu. Akampigia kelele, shika vizuri, huo ni mpaka wa kaka yako. Wako utapimiwa ukioa."

"Kijana huyo ni nani?" mzee mwenye fimbo akauliza.

Mama alichukua mkono wake wa kushoto, ule mzima, akauinua polepole, akauelekeza dirishani.

Hakuna aliyecheka sasa. Muriuki alikuwa ameinama akitafuta kofia yake chini ya benchi. Aliipata, akasimama, akasema kwamba kuna mtu anamngoja Karatina, kwamba mambo haya ni ya zamani, kwamba wazee wataendelea tu bila yeye. Alipiga hatua kuelekea mlangoni, nilipokuwa nimesimama mimi, na sikujua kama ninapaswa kumpisha.

"Keti," mama akasema, wazi kabisa, bila kukwama. "Sijamaliza."

Muriuki akaweka kofia juu ya goti, akaketi.